Jiwe lililobaki mlimani

SAA moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mibuni, na mbele ya nyumba ya mashine katika Kijiji cha Mwangaza, mwendo mfupi kutoka Nanyala, madebe ya mahindi yameshapangwa mstari. Wenye madebe wamejifunga khanga mbili mbili kwa baridi ya Julai. Ndugu Enesi Kayange, mwenye umri wa miaka 46, anafungua kufuli, anaufuta mkanda kwa kitambaa, kisha anashika hendeli kwa mikono miwili. Anazungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mashine inakohoa, inatoa moshi mweusi, halafu inashika.

Wanawake hawaangalii mashine. Wanamwangalia Enesi mdomo.

Enesi anainua debe la kwanza na kulimimina, huku kinywa chake kimefungwa kama mtu anayevuka mto na sindano kati ya meno. Anamwaga zaidi ya inavyotakiwa. Mashine inakabwa, inalalamika, yeye analirudisha debe chini haraka.

"Hata leo, Mama Ikupa?" anauliza kwa nguvu Bibi Ferista Nambeye, mzee wa Kinyiha aliyesimama wa kwanza kwenye foleni.

"Bado, Bibi," Enesi anamjibu. "Kesho tukilipata, Jumatatu utanisikia."

Miezi sita sasa Enesi anasaga kimya. Msomaji atasema, kuna ajabu gani? Mashine zote nchini zinasaga bila nyimbo. Lakini hapa, tangu mashine ilipofika mwaka 1979, watu walizoea kusagiwa kwa mashairi ya lugha mbili. Enesi alitupa ubeti kwa Kindali, lugha aliyonyonya nayo, kisha akautupa tena kwa Kiswahili, na foleni nzima ikaitikia. Nayo haikuwa starehe tu. Ubeti ulikuwa kipimo chake cha kumimina: unapoanza debe linainama, unapokwisha debe linainuka, mashine inameza, ndipo ubeti mwingine unaanza.

"Sasa mkono umekuwa kiziwi," anasema, akionyesha wavu wa kuchujia uliopasuka. "Huu ni wa pili tangu nikatazwe. Nyavu hizi zinapatikana Mbeya, na mpaka ubahatishe."

Kwa kazi hii kijiji humlipa shilingi mia mbili na themanini kwa mwezi, ile miezi ambayo dizeli ipo. Dizeli isipokuwepo hakuna kusaga wala mshahara, na yeye hurudi kwenye shamba lake la kahawa. Kwa mwaka huu wa 1982, anasema, mashine imelala wiki kumi na moja.

Ni nani aliyemfunga mdomo? Kulielewa hilo inabidi kwanza kulielewa jiwe.

Katika vilima vya Ileje, alikozaliwa Enesi karibu na Itumba, jiwe la kusagia lilikuwa na heshima yake. Mwanamke aliyepiga magoti mbele ya jiwe lake aliruhusiwa kuimba jambo lolote linalomkaa kooni: mume mlevi, mama mkwe mchoyo, hata mkubwa wa nchi aliyemwonea. Aliyeimbwa hakuruhusiwa kujibu. Alitakiwa apite kana kwamba hakusikia, akajirekebishe mwenyewe akiwa na haya. Wala hakuna mwanamke aliyepigwa au kuitwa barazani kwa neno alilolisema akiwa juu ya jiwe.

"Ukijibu tu, umejitaja," Enesi anafafanua. "Na ukishajitaja, maneno yale yametoka kwenye jiwe. Yamekuwa kesi ya watu wawili."

Jiwe lilikuwa la mtu mmoja. Mama alipokufa, binti yake alilipindua na kulilaza kifudifudi, lipumzike na mwenyewe, mpaka siku binti huyo atakapokuwa tayari kulirithi. Kuliacha jiwe la marehemu wazi, mvua ikituama ndani yake, lilikuwa jambo la aibu kubwa. Enesi amekaa na aibu hiyo kwa miaka sita.

Alikuwa na miaka kumi baba yake alipoishiwa na ardhi huko Ileje akahamia upande wa Mbozi kutafuta mahali pa kupanda kahawa. Walipewa kipande mlimani, mwendo wa saa tatu kutoka kilipo kijiji sasa. Mama yake, Tupokigwe, alilibeba jiwe lake kutoka Ileje hadi huko, kichwani, kwa siku mbili, na njiani alikataa kusaidiwa.

Enesi aliolewa na kijana wa Kindali, Anyelwisye Swila. Mwaka 1964, binti yao Ikupa akiwa ananyonya, Anyelwisye aliondoka kwenda migodini upande wa Zambia. Wanaume wengi wa kwao walikuwa wameshakwenda, wengine mpaka Afrika Kusini, na waliorudi walirudi na baiskeli, blanketi na kikohozi. Enesi alimsindikiza hadi Tunduma. Waliagana panapokaguliwa mizigo, yeye akabaki amesimama na mtoto mgongoni hadi lori lilipopotea.

Barua zilikuja kutoka Kitwe, mbili kwa mwaka, kisha moja. Ya mwisho ni ya mwaka 1969. Tangu hapo kimya.

"Sijui nimwite marehemu au nimwite msafiri," anasema. "Kanisani nikiombewa kama mjane, nainamisha kichwa. Sisemi amina."

Alirudi kwa wazazi wake mlimani na kuanza kuimba akiwa pembeni mwa jiwe la mama yake. Njia ya Tunduma aliitungia ubeti, nao tutaufikia.

Septemba 1974 lori la Operesheni Vijiji lilipanda mlimani. Watu walitakiwa washuke wakakae pamoja kando ya barabara kuu, watakapopata shule, zahanati na maji. Shule ilikuja, na Enesi hanung'uniki juu ya hilo. Ikupa alisoma hapo na leo ni mwalimu huko Vwawa. Lakini siku yenyewe ya kuhama bado haijamtoka rohoni. Lori lilikuwa moja na kaya zilikuwa tisa. Wakapakia sufuria, kuku, mlango uliong'olewa kwenye fremu yake, magunia. Baba alikuwa ameshafariki. Mama akaja akaketi juu ya jiwe lake, akasema lisiposhuka na yeye hashuki.

Balozi wa nyumba kumi, aliyesimamia upakiaji, alilitazama jiwe, akalitazama lori lililokwisha kulalia matairi. Akasema, "Liacheni. Huko mnakokwenda kuna mashine."

Mashine haikuwepo. Ilichukua miaka mitano kufika. Katika muda huo Tupokigwe, aliyepandishwa lorini bila jiwe lake, alisagia jiwe la kuazima kwa jirani, na juu ya jiwe la kuazima haimbi mtu. Alikufa Februari 1976. Mwaka mmoja na nusu wa mwisho wa maisha yake, binti yake hakumsikia akiimba hata mara moja.

"Kilichomuua ni kifua, hospitali ilisema hivyo," anasema Enesi. Kisha anakung'uta unga kwenye mikono. "Nami nasema alikuwa na kitu hapa, kikakosa pa kutokea."

Alipozikwa, Enesi alitaka kupanda mlimani akalilaze jiwe. Lakini kurudi kwenye mahame kulikuwa kumepigwa marufuku, kwa hofu kwamba watu wangehamia tena huko, na waliokamatwa walinyang'anywa majembe. Alikuwa na mtoto wa shule na shamba jipya. Aliogopa, hakwenda. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, hofu ikageuka aibu, na aibu haina siku ya kwisha.

Badala ya kwenda, aliandika. Kisomo cha watu wazima kilimkuta na miaka thelathini na tisa, hajui hata kuandika jina lake. Aliposhika kalamu hakuiachia. Daftari lake lenye jalada la bluu lina mpango wake: ukurasa wa kushoto Kindali, wa kulia Kiswahili, ubeti kwa ubeti, zikitazamana. Mwandishi wa makala haya alipoomba kunakili upande wa kushoto, aliufunika kwa kiganja.

"Hicho ni cha jiwe," alisema. "Gazeti liandike Kiswahili. Kiswahili ni cha wote."

Na ndivyo kilivyoingia kwenye nyimbo zake. Kijiji cha Mwangaza kina kaya mia tatu na ushee: Wanyiha, Wanamwanga, Wandali, Wasafwa, wote walioteremshwa kutoka milimani na mabondeni. Mwaka 1979 mashine ilipokuja, Enesi alichaguliwa kuishika kwa sababu alijua hesabu na hakuogopa mkanda. Siku ya kwanza aliimba Kindali, Wandali wakaitikia, wengine wakabaki wanatazamana. Siku ya pili Bibi Ferista akamwambia, "Mwenzetu, unakula peke yako." Siku ya tatu akaja na Kiswahili chake.

Kule naitwa wa huku,
huku naitwa wa kule;
unga hauna kabila,
ukichekechwa mweupe.

Ubeti huo ulipendwa hata na watoto. Mwingine aliutunga baada ya kuona wake za wakubwa wakipitishiwa madebe yao dirishani huku wengine wakipigwa na jua:

Foleni ina miguu,
yenye viatu hupita,
ya pekupeku hungoja
hadi jua likachoka.

Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeulizwa. Wiki iliyofuata wake za wakubwa walijipanga foleni, wakiongea habari za mvua. Wazee walicheka chinichini. Jiwe lilikuwa limefanya kazi yake ingawa halikuwepo.

Uliomponza ni ubeti wa tatu. Kwa Kindali aliuimba miaka miwili, kila wiki, na aliyekuwa akiimbwa alipita mbele ya mlango wa mashine na debe lake begani, shingo imenyooka. Alikuwa Ndugu Sadoki Mtafya, Mndali mwenzake, ambaye leo ni mwenyekiti wa kijiji. Mwaka 1974 ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi.

Wakapakia na kuku,
wakapakia mlango;
jiwe la mama halimo,
nani kasema: liache?

Novemba mwaka jana Enesi aliutia Kiswahili ubeti huo. Katibu wa kijiji, Ndugu Yahaya Seleman, kijana wa Kondoa ambaye hana mke na husaga mwenyewe, aliusikia akiwa kwenye foleni na moyo ukamruka. Anapenda mashairi. Aliunakili kwenye karatasi ya ofisi, na katika mkutano wa kijiji wa Januari, bila nia mbaya hata chembe, aliusoma mbele ya watu kama mfano wa utamaduni unaostahili kupelekwa gazetini.

"Mila ya jiwe sikuijua," Yahaya anakiri, na ukimtazama usoni unaona anaumia kweli. "Nilisoma, watu wakainama. Nikadhani hawajaelewa. Basi nikauliza tena kwa sauti: ndugu wananchi, ni nani huyo aliyesema liache?"

Watu walikohoa. Wazee wa Kindali wakaanza kuchora chini kwa fimbo. Yahaya akabaki amesimama na karatasi yake. Ndipo Sadoki alipoinuka kwenye kiti cha mwenyekiti.

"Ni mimi," alisema. "Na nilikuwa na amri."

Mtu aliyevumilia miaka miwili bila kugeuza shingo alikuwa amejibu. Alijitaja mwenyewe, mbele ya wanawe, na kwa kanuni zile zile zilizomlinda Enesi, ubeti ukawa mashitaka. Mjumbe mmoja akauliza kama Ndugu Enesi anamshitaki mwenyekiti kwa ukatili. Enesi akasema hashitaki mtu, aliimba tu.

Bibi Ferista alisimama. "Ameimba akisaga! Mashine ndiyo jiwe letu sasa. Tumeyaacha mawe yetu kwa ajili yake. Kama jiwe lilikuwa na ruhusa, na mashine inayo."

Sadoki alimjibu polepole. "Bibi, mashine hii nimeifungua ilipoharibika. Ndani kuna nyundo za chuma. Jiwe liko wapi?"

Ikaandikwa kwenye kumbukumbu: mahali pasipo na jiwe hapana ruhusa ya jiwe, Ndugu Enesi Kayange aendelee na kazi, asiimbe mashineni, akiimba tena ataondolewa. Mitaani wakaanza kutaniana kwamba safari hii Mama Ikupa atamwaga unga kwelikweli. Yeye hakucheka.

"Kindali kilinificha miaka yote," anasema. "Kiswahili kikaniweka juani. Lakini sikijutii. Ningebaki na Kindali peke yake, Bibi Ferista angenitetea vipi?"

Kazi alihitaji, kwa hiyo alinyamaza. Februari, Machi, Aprili. Alimwaza mama yake akisaga kimya kwenye jiwe la watu, akajiona anaishia palepale. Nyumbani aliweza kuimba, hakuna aliyemkataza, lakini alipojaribu sauti haikutoka.

Ni Bibi Ferista aliyepata njia, akiwa anapepeta mahindi mwezi uliopita. "Mwenyekiti hakusema usiimbe milele," alimwambia Enesi. "Alisema hakuna jiwe. Basi tulete jiwe."

Jiwe la kuazima lisingefaa, na lake lilikuwa moja tu duniani. Kulileta maana yake ni kwenda kulitazama usoni, liko wazi, limeachama mvuani tangu mama afe. Alilala juu ya jambo hilo siku tatu. Ya nne alimwomba Yahaya amwandikie barua ya kuomba ruhusa ya kwenda mahame.

Sadoki aliisoma barua mara mbili, akaikunja. "Jumamosi," alisema. "Na mimi nitakwenda."

Enesi aliamini anakwenda kuwalinda wasichukue kingine.

Jumamosi kumepambazuka kweupe. Msafara una watu saba: Enesi, Bibi Ferista aliyekataa katakata kubaki, wanawake watatu wenye kamba na miti miwili ya kutengenezea machela, Yahaya, na nyuma kabisa, hatua ishirini kutoka kwa wengine, Mwenyekiti Sadoki na jembe lake. Mwandishi wa makala haya anafuatana nao. Hakuna anayeimba njiani. Wanavuka reli, wanapita mashamba ya kahawa, kisha njia inaanza kupanda na nyasi zinawafika kifuani.

Mahame hayafichiki. Migomba imekuwa mwitu, mti wa mfudu umesimama pekee, na mahali palipokuwa nyumba pana mwinuko wa udongo mwekundu. Enesi anasimama. Anapiga hesabu kwa macho: mlango ulikuwa hapa, jiko pale. Anawaomba wenzake wabaki nyuma na kwenda peke yake, akitenganisha nyasi kwa mikono, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Halafu anapiga magoti.

Wanapomfikia wanamkuta kiganja chake kiko juu ya jiwe, na jiwe limelala kifudifudi. Limelazwa sawasawa, limeegemezwa vijiwe pembeni lisitikisike, jinsi binti anavyotakiwa kulilaza. Kuvu imeota juu ya mgongo wake. Si kazi ya juzi.

"Nani amelilaza?" Enesi anauliza. Sauti yake ni ndogo. "Mama hakuwa na binti mwingine. Nani amelilaza?"

Wanawake wanatazamana. Bibi Ferista anatikisa kichwa. Nyuma yao, mtu anaweka jembe chini.

"Ni mimi," anasema Sadoki.

Upepo unapita kwenye migomba. Anaendelea kusema, macho yake kwenye nyasi. "Mama yako alipozikwa nilijua hutaweza kuja. Marufuku ya mahame niliitangaza kwa mdomo wangu. Basi wiki ya pili nilipanda huku. Nilikuwa nimeshasema neno moja baya juu ya jiwe hili, sikutaka na mvua iseme lake."

"Mbona hukuniambia?" Enesi anasema, na sasa machozi yanamtoka waziwazi. "Miaka sita, Mwenyekiti! Miaka sita sijalala vizuri mvua ikinyesha!"

"Ningekuambiaje? Mwanzo niliona haya, kisha ukaanza kuniimba. Anayeimbwa hasemi."

"Januari ulisema."

"Januari nilisomewa," anajibu. "Na mwanamume, amesimama, ana karatasi mkononi, kwa Kiswahili cha ofisini. Wanangu wananitazama. Nikasahau kwamba lile lilikuwa jiwe. Nikajibu kama anavyojibu mtu mbele ya ofisi." Anamgeukia Enesi. "Nimekosa, dada yangu. Kwa lile la lori na kwa lile la Januari."

Enesi hasemi kwamba amesamehe. Anajifuta uso kwa ncha ya khanga, anashika ukingo mmoja wa jiwe, na Sadoki, baada ya kusita, anashika wa pili. Lakini Bibi Ferista anamgusa bega, naye anaachia; kulipindua ni kazi ya binti. Enesi analipindua peke yake. Chini yake, ndani ya shimo lililochimbwa na mikono ya mama yake kwa miaka arobaini, limo jiwe dogo la mkono, kavu, limewekwa lisipotee.

"Ndaga," anasema Enesi kwa Kindali. Ni shukrani, ila haikuwa wazi kama alimwambia mama yake au Sadoki.

Walilishusha kwa machela kama wanavyombeba mgonjwa, wakipokezana. Yahaya, ambaye mikono yake imezoea kalamu, alitoka malengelenge na hakukubali kupumzishwa. Saa kumi jioni walifika. Sadoki alichimba mwenyewe mahali pa kulikalisha, pembeni mwa mlango wa nyumba ya mashine, upande wa ndani, hatua mbili kutoka anaposimama Enesi akimimina mahindi. Alilisawazisha kwa udongo, akalisukuma kwa mkono kuona kama linacheza. Halikucheza. Yahaya akafungua daftari la kumbukumbu na kuandika kwamba nyumba ya mashine ina jiwe, akaandika na tarehe.

Kesho ni Jumapili, mashine haisagi. Jumatatu, kabla ya kupiga hendeli, Enesi atapiga magoti asage konzi moja ya ulezi kwa mkono, ndipo asimame afanye kazi ya kijiji. Mipango mingine anayo: anataka kufundisha wasichana wawili wa foleni kumimina kwa ubeti, na anataka Ikupa amnunulie daftari la pili, maana la bluu limebakiza kurasa nne. Ubeti mpya ameshautunga njiani, kwenye mteremko, akiwa ameshika mti wa machela:

Aliyesema: liache,
alirudi peke yake,
akaligeuza jiwe,
mvua isilale ndani.

Je, ule wa zamani atautoa? Anashangaa kuulizwa. "Ule hautoki. Yaliyotokea yalitokea. Nitauimba, kisha nitaimba huu. Ziende pamoja kama kurasa zangu."

Sadoki, aliyekuwa akiosha jembe lake bombani, alisikia. Alipoulizwa atafanya nini Jumatatu akiimbwa, aliinua mabega. "Nina debe mbili za mahindi," alisema. "Nitakuwa kwenye foleni. Sijui kama nitasikia kitu."

Kabla ya kuagana Enesi alifungua daftari ukurasa wa kwanza kabisa na kuomba jambo moja. Ubeti wa njia ya Tunduma, alisema, gazeti liuandike wote, kwa maandishi yanayosomeka. Mara mbili kwa mwezi yeye huenda Tunduma kufuata pipa la dizeli, na amewaona madereva wakifungia vitu vyao kwenye magazeti yetu na kuvuka nayo. Huwaamkia kwa Kibemba, "Mwapoleni," kisha huwauliza kama wanamjua Mndali mrefu mwenye kovu kwenye kidevu. Wanasema Kitwe ni kubwa. Gazeti, anafikiri, lina miguu mingi kuliko yeye.

"Nyimbo zangu zote ni za kupitwa," alisema. "Asijibu mtu. Huu mmoja tu, mwenyewe akiusoma, namruhusu ajibu."

Njia ya Tunduma, njia,
umemeza, hukutema;
ulichukua kijana,
nirudishie mzee.